Cheo ni Dhamana ya Mwaka Mmoja

Wanaonisoma kwa muda mrefu wanaujua msimamo wangu kuhusu hisani. Nimeandika mara nyingi kwamba hata inapotolewa kwa moyo safi, inaweza kuwa kichaka cha kuficha wajibu wa Dola: kisima kikichimbwa na wasamaria, nani atakumbuka kuuliza fedha za umma za maji zimekwenda wapi? Kwa hiyo wanafunzi wangu walicheka waliposikia kwamba, kuanzia tarehe 1 Julai, mimi ndiye rais wa klabu ya huduma ambayo nimekuwa mwanachama wake kwa miaka tisa. Wana haki ya kucheka, nami nina wajibu wa kueleza.

Sitaitaja klabu yetu, maana nitakayoyasema ni makosa yetu wenyewe. Klabu za aina hii zina asili yake Chicago, ambako mwaka 1905 wakili Paul Harris na wenzake watatu walianzisha Rotary. Lions ikafuata mwaka 1917 katika jiji hilohilo. Kwa kawaida rais huongoza mwaka mmoja tu, Julai hadi Juni. Utaratibu huo una hekima, kwa kuwa hakuna anayezeekea kitini. Lakini una mtego pia. Mwenye miezi kumi na miwili hutafuta kitu kitakachoonekana ndani ya miezi hiyo: jengo la kukatia utepe, kisima cha kuwekea kibao.

Wiki mbili kabla ya kukabidhiwa mkufu wa urais nilikwenda katika kijiji kimoja ambako miaka minne iliyopita tulichimba kisima na kufunga pampu ya mkono. Kibao chenye nembo yetu kilikuwa bado kinang'aa. Mpini wa pampu ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. Maji hayajatoka tangu masika ya mwaka uliotangulia. Nilimwamkia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipita na ndoo. “Marahaba, mwanangu,” akaitikia, kisha akauliza: “Safari hii mmekuja kutengeneza au kupiga picha?”

Sikuwa na jibu. Fundi niliyefuatana naye aliifungua pampu, akanionyesha mpira uliolika, wa bei ndogo kuliko soda tulizokunywa siku ya uzinduzi. Hata hivyo, tatizo lenyewe halikuwa mpira. Hakuna aliyejua kisima kile ni cha nani. Kijiji kilidhani ni cha klabu. Klabu ilidhani ni cha kijiji. Na wilayani hatukuwa tumemwarifu mtu yeyote.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa kuwafikishia wananchi wa vijijini maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kufikia mwaka 1991. Lengo halikutimia, na miongoni mwa sababu ni miradi kujengwa bila kuwashirikisha watumiaji na bila mpango wa matengenezo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaweka umiliki na usimamizi wa miradi ya vijijini mikononi mwa watumiaji. Sheria ya mwaka 2019 ikaunda RUWASA na kuvipa nafasi vyombo vya kutoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Njia ya kisheria ipo. Sisi tuliiruka kwa sababu ingetuchelewesha, na Juni ilikuwa imekaribia.

Basi malengo yangu ni manne. Kwanza, mwaka huu hatuchimbi kisima kipya. Tutavirudia vyote tulivyochimba, tutengeneze vinavyotengenezeka, na tuwaambie wanakijiji ukweli kuhusu vilivyokufa. Pili, kila kisima kitakabidhiwa kwa maandishi kwa chombo cha jamii kinachotambuliwa na RUWASA, chenye fundi wa hapohapo na akiba ya vipuri. Tatu, hesabu zetu, pamoja na gharama za fulana na tafrija, zitabandikwa kwenye ofisi ya kijiji husika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, mikutano yetu itahama hotelini, ili muuguzi au mwendesha bodaboda anayetaka kujitolea asizuiwe na bei ya chakula cha mchana.

Mwenzetu mmoja, mfanyabiashara makini na mtu mwema, alinipinga. “Mheshimiwa Rais, nani atachangia mipira ya pampu? Wafadhili wanataka kitu cha kuzindua.” Ana hoja. Huenda michango ikapungua, na huenda nikakumbukwa kama rais asiyefanya kitu.

Namjibu kwa mfano wa polio. Rotary ilianza kampeni yake ya kuitokomeza mwaka 1985. Mwaka 1988, juhudi za kimataifa zilipozinduliwa, ugonjwa huo ulikadiriwa kupooza watoto 350,000 kwa mwaka duniani. Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi asilia vya polio. Mwaka 2022 virusi hivyo vilipogunduliwa Malawi, vikiwa vimetoka nje ya bara, kampeni za chanjo zikarudiwa, Tanzania ikiwemo. Hesabuni marais wa mwaka mmojammoja waliopita katika muda huo, waliokubali kuendeleza kazi wasiyoianza na ambayo wasingeimaliza. Wala hawakuchukua nafasi ya serikali. Walifanya kazi pamoja na wizara na wahudumu wake wa afya.

Hapo ndipo ninapotofautisha hisani ninayoipinga na huduma ninayoiamini. Hisani ile humwondolea mwenye wajibu mzigo wake. Huduma humsaidia kuubeba, na humdai anapoutua.

TANU ilitufundisha kwamba cheo ni dhamana. Dhamana yangu inaisha tarehe 30 Juni, na kabla ya siku hiyo nitarudi kwa yule mama. Wanafunzi wangu, nanyi watumishi wa halmashauri mnaosoma haya, niulizeni wakati huo visima vingapi vinatoa maji na vimo katika orodha ya nani. Nikishindwa kujibu, andikeni.