Wavuta Makasia wa Mto Thames
Nalisimama penye daraja la Putney, London. Hapo ndipo vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge huanzia mashindano yao ya mashua, karibu maili 4 na robo mpaka Mortlake. Walishindana mara ya kwanza mwaka 1829, huko Henley.

Mto hapo hupindapinda, na maji hujaa na kupwa pamoja na bahari. Mwaka 1912 mawimbi yalizamisha mashua zote mbili. Mashindano yakarudiwa, Oxford wakashinda.

Kila mashua ina watu 9. Wanane huvuta makasia, nao wameipa njia mgongo, hawaoni waendako. Wa tisa, mdogo wa mwili, hana kasia. Hushika usukani na kuwaongoza kwa sauti. Ndugu msomaji, nguvu za wanane ni bure wasipomwamini mmoja aonaye njia.