Baiskeli kando ya mto Loire: Hakuna honi, hakuna daladala!

Msomaji mpenzi, ukisikia mtu kaenda Ufaransa kutembea, moja kwa moja unajua kaenda Paris, kapiga picha chini ya mnara wa Eiffel, kanunua manukato, karudi. Si vibaya. Lakini wiki hii kaa mkao wa kula, maana nataka nikupeleke Ufaransa nyingine kabisa, ile ya kwenda kwa pedeli. Siku nane kando ya mto, na honi nilizopigiwa zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Uongo mbaya.

Mto wenyewe unaitwa Loire. Ndio mrefu kuliko yote Ufaransa, kama kilometa 1,000 hivi. Kando yake imepita njia ya baiskeli iitwayo La Loire à Vélo, maana yake Loire kwa Baiskeli. Ina urefu wa kama kilometa 900, kuanzia Cuffy karibu na mji wa Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins, kwenye bahari ya Atlantiki. Na hicho ni kipande tu cha njia ndefu zaidi, EuroVelo 6, inayokwenda mpaka Bahari Nyeusi huko Romania. Mwenye mapafu yake na aendelee! Mimi nilichukua kile kipande kinono, kutoka Orléans hadi baharini, karibu kilometa 450.

Sasa utauliza, magari yamekwenda wapi? Yapo, ila yana barabara zao. Loire ni mto mkorofi. Mvua zikizidi hufurika, na mafuriko ya mwaka 1856 hayajasahaulika mpaka leo. Pembeni mwa nyumba nyingi utaona alama iliyochongwa ukutani kuonyesha maji yalifika wapi mwaka ule, nyingine juu ya kichwa cha mtu mzima. Kwa ajili hiyo tangu enzi za kale watu wa huko wamekuwa wakijenga matuta marefu ya kuzuia maji. Na juu au pembeni mwa matuta hayo ndipo baiskeli zinapopita sehemu nyingi. Zilizobaki ni vijia vya mashambani na barabara ndogo za vijiji ambako gari likikukuta linapunguza mwendo na kusubiri zamu yake. Kwa mtu aliyezoea kubanwa na daladala mpaka mtaroni, siku ya kwanza unashindwa kuamini. Unageuka nyuma kila dakika tano kumtafuta adui, na adui hayupo.

WAFALME NA MAJUMBA YAO

Nilianzia Orléans. Mji huo una mwenyewe, naye ni binti wa kijijini aliyeitwa Jeanne d'Arc. Mwaka 1429, akiwa na umri wa kama miaka 17, aliingia na jeshi na kuvunja mzingiro wa Waingereza. Miaka miwili baadaye wakamchoma moto kule Rouen. Leo sanamu yake iko juu ya farasi katikati ya uwanja mkubwa wa mji, na vijana wanapeana ahadi za kukutana chini yake, kama ambavyo sisi tunakutana kwenye Mnara wa Askari.

Kutoka hapo unanyonga kuelekea Blois, kama kilometa 60. Njiani mto umejaa visiwa vya mchanga na ndege weupe, na ghafla mbele yako unaona minara mikubwa ya mtambo wa umeme wa nyuklia ikitoa mvuke. Iko mitambo minne ya namna hiyo kando ya Loire, inakunywa maji ya mto huo huo wa wafalme. Picha za matangazo huwa hazikuonyeshi hilo.

Kabla ya Blois unachepuka kwenda Chambord, na hapo ndipo utakaposhika kichwa. Mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga kasri lile mwaka 1519, na kazi kubwa ya jumba lenyewe ilikuwa mawindo na sifa. Vyumba zaidi ya 400, mabomba ya moshi juu ya paa yamesongamana kama mji mzima, na ukuta wa kuzunguka msitu wake una urefu wa kilometa 32. Katikati kuna ngazi mbili zinazojisokota pamoja: wewe unapanda, mwenzako anashuka, mnaonana kwenye madirisha lakini hamkutani! Na unajua mfalme alilala humo siku ngapi katika utawala wake wa miaka 32? Hesabu inayotajwa ni siku kama 72 tu. Matanuzi hayakuanza leo, ndugu yangu.

Blois nako kuna kasheshe yake. Desemba 1588 Mfalme Henri wa Tatu alimwita Duke wa Guise, bwana mkubwa aliyekuwa akimpa presha, kwenye vyumba vyake ndani ya kasri, na walinzi wakammalizia humo humo kwa visu. Mfalme naye hakumaliza mwaka, akachomwa kisu na mtawa Agosti 1589. Watoto wa shule wanapelekwa kuangalia chumba hicho na wanafurahi kama wako sinema.

Amboise ndiko nilikokaa siku mbili. Mchoraji Leonardo da Vinci alifika hapo mwaka 1516, mzee tayari, kwa mwaliko wa François. Akapewa nyumba, akapewa mshahara, na inasemekana picha ya Mona Lisa alikuja nayo kwenye mizigo. Alifariki mwaka 1519 na kaburi lake liko kwenye kanisa dogo ndani ya ngome, juu ya mji. Watu wanasimama kimya pale, hata wale wenye kelele zao.

Ukiwa Amboise, usikose kuchepuka hadi Chenonceau, kama kilometa 13 hivi, kasri lililojengwa juu ya mto Cher kama daraja. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mto ule ulikuwa mpaka: upande mmoja Wajerumani, upande wa pili eneo ambalo hawakuwa wamelikalia. Mlango wa mbele ulikuwa kwa Wajerumani, mlango wa nyuma ulikuwa kwenye usalama. Watu waliokuwa wakitafutwa waliingia huku wakatokea kule, kupitia ukumbi uliojengwa kwa ajili ya dansi za mamalkia.

UPEPO NA UYOGA

Baada ya mji wa Tours mambo yanapoa. Villandry kuna bustani ambayo kabichi, karoti na maboga vimepandwa kwa mapambo kama zulia. Bwana mmoja mzaliwa wa Hispania, Joachim Carvallo, aliinunua sehemu hiyo mwaka 1906 na kuifufua. Mbele zaidi, kuelekea Saumur, mwamba wa pembeni mwa mto ni wa chokaa laini, mweupe kama maziwa. Jiwe hilo ndilo lililochimbwa kujengea makasri yote yale. Mashimo yaliyobaki hayakuachwa bure: mengine ni nyumba za watu zenye milango na mapazia, mengine ni ghala za mvinyo, mengine yanalimwa uyoga gizani. Na humo utapata mikate midogo iitwayo fouée, inatoka tanuruni imevimba, unaipasua unajaza siagi na jibini. Nilikula sita. Tahadhari kwa wasiokula nguruwe: ile nyama ya kupaka wanayoiita rillettes mara nyingi ni kitimoto, uliza kwanza.

Shida iliyonipata ilikuwa upepo. Nilidhani mto ukishuka na mimi nashuka kwa raha zangu. Wapi! Upepo wa Loire hupenda kutoka baharini, magharibi, na unakupiga usoni. Mama mwenye nyumba ya wageni niliyolala karibu na Saumur alicheka aliponiona nimekauka midomo.

"Mwanangu," akaniambia, "upepo huo ndio uliojenga miji hii. Mashua zilipanda mto kwa tanga, zikarudi chini kwa mkondo wa maji. Hukuletewa kwa ajili yako."

Mswahili wa pwani hapo hahitaji tafsiri. Jahazi letu lilikuja na kaskazi likarudi na kusi. Kumbe wenzetu nao walikuwa na yao, ya mtoni. Nikamuuliza hizo mashua zilibeba nini. Akanijibu: chumvi, mvinyo, mawe ya kujengea. "Na kutoka Nantes," akaongeza, "sukari."

SUKARI ILITOKA WAPI?

Neno hilo nililibeba kilometa zote zilizobaki hadi Nantes. Ni mji mzuri, wa vijana, una tramu, una muziki, una baiskeli kila kona. Katikati kuna mtaa uitwao Île Feydeau, ambao zamani ulikuwa kisiwa kabla mikono ya mto haijafukiwa. Majumba yake ya karne ya 18 yana sura za watu zilizochongwa juu ya madirisha. Tazama vizuri: nyingine ni sura za Waafrika.

Nantes ilikuwa bandari kuu ya Ufaransa katika biashara ya watumwa. Mwaka 2012 mji ulifungua kumbukumbu yake ukingoni mwa Loire, pale pale zilipokuwa zikiegesha meli. Ardhini vimepandwa vipande vya kioo kama 2,000, na 1,710 kati yake vina majina ya meli na miaka zilipoondoka. Hakuna tiketi. Niliegesha baiskeli nikatembea kichwa chini nikisoma. Majina mengine ni ya kupendeza, ya wanawake, ya matumaini mema. Hilo ndilo linalokata maini.

Na sisi wa upande huu wa bara tusidhani hadithi hiyo ni ya Afrika Magharibi peke yake. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, hasa kile tunachokiita leo Mauritius. Ufaransa ilifuta utumwa mwaka 1794, Napoleon akaurudisha mwaka 1802, ukafutwa moja kwa moja mwaka 1848. Kwa hiyo kijana wa Kilwa au wa Lindi akisimama pale Nantes si mtalii mtupu. Kuna hesabu yake ya zamani.

Je, raha ya makasri ilinitoka? Kusema kweli, hapana. Chambord ilijengwa mapema kabla ya meli hizo, na Leonardo hana kesi. Lakini nilifurahi kwamba njia ile haikuishia kwenye bustani na ngazi za kujisokota. Ingeishia Saumur ningerudi na picha nzuri na nusu ya habari. Ukiwa ndani ya basi la watalii, Nantes ni kituo cha kula mchana. Kwa baiskeli unafika polepole, umefuata maji siku saba, na maji hayo yanakupeleka mpaka gatini kwenyewe.

Kutoka hapo ni kama kilometa 60 kufika baharini. Pale Saint-Brevin, ufukweni, kuna mifupa ya nyoka mkubwa wa alumini, urefu wake kama meta 130, kazi ya msanii Mchina Huang Yong Ping, iliyowekwa mwaka 2012. Maji yakijaa anafunikwa, maji yakikupwa anaonekana mzima. Watoto wa Kifaransa walikuwa wakikimbia katikati ya mbavu zake.

UKITAKA KWENDA

Viza ni ya Schengen, ianze mapema. Miezi mizuri ni Mei mpaka Septemba. Wakati wa baridi mto unaweza kufunika baadhi ya sehemu za njia. Baiskeli za kukodi ziko miji yote mikubwa, na kuna kampuni zinazokuruhusu kuchukua mji mmoja na kurudisha mwingine. Alama za njia ni wazi, huwezi kupotea. Malazi yenye kibandiko cha Accueil Vélo yako ndani ya kilometa 5 kutoka njiani, yana mahali salama pa kuweka baiskeli na vifaa vya kuziba pancha. Mwenye mfuko mwembamba alale kambini kwenye hema, ziko tele. Jumapili mchana maduka mengi hufungwa, nunua mkate asubuhi. Usiogelee Loire hata ukiona maji yametulia: mchanga wake unahama na mkondo unavuta, na sehemu nyingi imekatazwa kabisa.

Huna haja ya kuwa mwanamichezo. Kilometa 50 kwa siku, ardhi tambarare, ni saa nne au tano pamoja na kusimama kula. Nilipitwa na bibi wa miaka 70 na ushee, kikapu mbele, mbwa ndani ya kikapu. Alinipungia mkono akapotea. Sikumfikia tena.

Tukutane wiki ijayo, na ukiwa na baiskeli, ipulizie upepo!