Jimu ya Kifahari au ya Mtaani?



Daktari aliponiambia presha imepanda nianze mazoezi, nilikwenda kuangalia sehemu mbili hapa Kigali. Ya kwanza ni klabu ya hoteli: kiyoyozi, mashine za kukimbilia, bwawa la kuogelea. Ya pili ni chumba kimoja Nyamirambo chenye vyuma vya kunyanyua na kioo ukutani.

Mwili una haki juu yetu, lakini na familia nayo ina haki. Ada ya klabu ingekula karo ya watoto. Tena bwawa lile wanaogelea wanaume na wanawake pamoja, nami nafundisha vijana habari ya sitara.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili. Kutembea haraka kunatimiza dakika hizo, na vyuma vya mtaani vinajenga misuli ileile. Tangu 2016 Kigali ina Jumapili za barabara bila magari, watu hufanya mazoezi bure.

Je, mama watoto? Chumba cha mtaani hakina saa za wanawake. Basi pesa tuliyonayo tumemlipia yeye, mahali penye saa za akina mama na mlango unaofungwa. Mimi natembea baada ya Alfajiri.

Ndugu, kabla ya kulipa uliza kwanza: nyumbani kwako nani hana pengine pa kufanyia mazoezi?

Wabillahi tawfiq.