Cheni ya Baba

Phoenix ya baba niliirithi na cheni yake, nyeusi kwa oili chafu. Ikichomoka, nairudisha kwa vidole, najifuta kwenye majani, safari inaendelea. Kuibadilisha sikutaka. Niliona kama bado ina mikono yake.

Siku moja fundi akaweka rula. Pingili 24 za cheni mpya zinatimia inchi 12 kamili, pini hadi pini; yangu ilizidi karibu robo inchi.

“Chuma hakijavutika, kijana. Pini zimeliwa.”

Akanionyesha gia ya nyuma, meno yamechongoka kama ya papa. Cheni mpya juu ya meno hayo itaruka tu, akasema, badilisha vyote. Mimi na ubishi wangu (na mfuko wangu, tuseme ukweli) nikanunua cheni peke yake. Ile ya zamani nikaihifadhi kwenye kopo.

Wiki haikuisha. Mlimani, mama yuko kwenye keria, cheni ikaruka, mguu ukakosa pedeli, tukaanguka wote. Mama akajikung'uta kanga. Nikaanza kuilaumu cheni mpya, nikaisifu ile ya baba.

“Ya baba ipi? Ile ya koponi niliinunua mimi, baba yako keshalala kitandani. Hakuiendesha hata siku moja.”

Kumbe ile robo inchi yote niliila mwenyewe.

Jumatatu nikanunua gia.