Kutoka Fizi mpaka Baraka, tukienda kusikia kwaya

Juma hili tunaacha kidogo habari za mihogo na sabuni. Tunataka kuwaeleza safari yetu ya kushuka Baraka kusikiliza konseri ya kwaya na ngoma, na kwa nini tunaona safari kama hiyo ni kazi ya mama, si mchezo wa kupoteza siku.

Tulikuwa wamama 22. Kila mmoja aliweka faranga 1,000 kila juma katika sanduku letu, kando na likelemba, kwa muda wa majuma 12. Zikafika faranga 264,000. Zilitosha gari la kwenda na kurudi, na zikabaki kidogo kwa ajili ya mtoto akiugua njiani. Chakula kila mmoja alibeba chake: mihogo ya kuchemsha, karanga, ndizi. Maji tulichemsha jana yake na kuyatia katika bido safi, maana sote tunajua namna kolera inavyotutembelea huku kando ya ziwa, na mahali watu wengi wanapokusanyika ndipo inapopenda kuingia.

Tulichagua kiangazi. Wakati wa mvua njia ya Fizi kwenda Baraka inakuwa matope, na gari likizama mnaweza kulala porini. Ni kilomita 30 na zaidi tu, lakini mwenye kuzipita anajua kwamba hazihesabiwi kwa kilomita. Zinahesabiwa kwa mashimo, kwa madaraja ya mbao, na kwa habari unazouliza kila kijiji: njia iko namna gani mbele? Nani amepita leo? Tulimtuma kijana wa motari atangulie asubuhi, aturudishie habari. Aliporudi akisema kuko salama, ndipo tukapanda.

Kutoka kule juu unashuka na milima, na hewa inabadilika. Fizi asubuhi tunavaa sweta. Ukikaribia chini, sweta linavuliwa, na watoto migongoni wanaanza kutoka jasho. Halafu ghafula ziwa linaonekana. Hata sisi tuliozaliwa hapa tunanyamaza tunapoliona. Mbele yako kuna ghuba, na ng’ambo ya ghuba kuna milima ya Ubwari, imelala kama mama aliyejifunika kikwembe. Nyuma yake ziwa lenyewe linaendelea.

Baraka tulikuta watu wa Ubwari wamekwisha kufika. Walivuka na boti mapema, kabla ya upepo wa kiangazi kuamka. Wa Mboko walifika kwa gari, na wa karibu kwa miguu. Uwanja ulikuwa wa kanisa, umefungwa kwa shitingi pande mbili. Kulikuwa na jenereta, bafle kubwa nne, kinanda, gita tatu, na ngoma zetu za ngozi zikiota jua ili zikaze sauti.

Mtu ambaye hajawahi kufika katika konseri anaweza kuuliza: nyimbo si ziko katika simu? Si redio inazipiga kila siku? Ni kweli. Lakini simu inakupa wimbo peke yake. Uwanjani unapata na mwimbaji. Unaona mshipa wa shingo yake. Unaona mama wa sauti ya kwanza anavyomtazama mwenzake wa sauti ya pili, wakipeana pumzi. Unaona kijana wa gita uzi unamkatikia, na kwaya haingoji, inaendelea kwa makofi mpaka afunge uzi mwingine. Ngoma kubwa ikipigwa karibu, huisikii kwa masikio tu, unaisikia tumboni. Watoto wetu wengine walilia mara ya kwanza ilipolia. Baada ya nusu saa walikuwa wanacheza mbele kuliko watu wote.

Kitu kilichotushika zaidi ni hiki. Mnajua kwamba tangu vita vya 1996 watu wengi wa Fizi walivuka ziwa kwenda Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka ule, na maelfu ya watu wetu walikaa humo miaka mingi. Watoto walizaliwa huko, wakaolewa huko. Kuanzia 2005 meli za HCR zilianza kuwarudisha kutoka Kigoma, na wengi walikanyagia nchi yao kwanza hapa Baraka. Walirudi na vyungu, na magodoro, na nyimbo pia. Kambini kwaya zilikuwa nyingi, maana mkimbizi hana shamba lakini sauti anayo.

Kwa hiyo leo tuna nyimbo za namna mbili. Kuna za waliobaki, waliokuwa wakiimba msituni na milimani kwa sauti ya chini, bila chombo, ili wasisikiwe. Kuna za waliovuka, waliojifunza kinanda na Kiswahili cha Tanzania. Mnakumbuka jinsi watoto waliorudi walivyochekwa shuleni kwa sababu ya Kiswahili chao. Mnakumbuka pia maneno mabaya ya wakubwa: ninyi mlikimbia, sisi tuliteseka, ninyi mlikula mashamba yetu, sisi tulikula mahindi ya kupimiwa. Maneno hayo yamevunja ndugu wa tumbo moja.

Siku ile kwaya mbili zilipanda pamoja, moja ya waliobaki na moja ya waliorudi. Waliimba wimbo mmoja wa kanisa ambao kila upande uliujua kwa namna yake. Waliobaki waliuimba polepole, kama watu wanaopanda mlima na mzigo. Waliorudi waliuimba haraka, na kinanda. Mwanzoni hawakupatana kabisa. Watu walianza kucheka. Halafu mpiga ngoma, mzee mwenye mvi, akapunguza mkono, na wa kinanda akamfuata, na wimbo ukapata mwendo wa tatu ambao haukuwa wa huku wala wa kule. Karibu yetu kulikuwa na mama mmoja na mdogo wake. Mmoja alikaa, mwingine alivuka, na tangu kurudi walikuwa wakisalimiana kwa kichwa tu kwa ajili ya shamba la baba yao. Hatutaki kuwadanganya kwamba walikumbatiana. Shamba bado lina kesi. Lakini wakati wa kula tuliona mkubwa akimega muhogo, na nusu akaupitisha kwa mtoto wa mdogo wake. Kwa sisi tunaowajua, hilo si jambo dogo.

Baada ya kwaya zilikuja ngoma za asili. Wamama wa Kibembe walicheza, wakafuata Wafuliiru, halafu wakimbizi wa Burundi, wa wale waliovuka kuja kwetu tangu 2015. Dunia inageuka: sisi tuliokuwa wageni wa watu, leo tuna wageni. Wajane wengine katika kundi letu walikuwa hawajacheza tangu kifo cha mume. Mmoja alisema miguu yake imesahau. Alisimama pembeni, akapiga makofi, halafu bega likaanza, halafu mguu. Hakuna aliyemvuta. Sisi tulimshikia mtoto tu.

Tunajua ziko sauti zinazosema kwamba mama wa heshima haendi kwenye konseri. Tuzijibu kwa upole. Muziki ni urithi wetu, hata dunia imekubali: mwezi wa 12 wa 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa wanadamu wote. Na wamama hawakuwa watazamaji katika historia hiyo. Abeti Masikini aliimba katika ukumbi wa Olympia, Paris, mwaka 1973. Mbilia Bel na Tshala Muana walijulikana Afrika nzima. Hata ziwa letu lina sehemu yake, maana wanamuziki wengi wa mashariki ya Kongo walienda kufanya kazi Tanzania. Remmy Ongala, mtoto wa Maniema, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akawa sauti ya maskini huko, na mwisho wa maisha yake akageukia nyimbo za Mungu.

Na pale Goma, tamasha la Amani lilianza Februari 2014. Lilipangwa kufanyika 2013, vita vikalizuia, wakalingoja, wakalifanya. Vijana wa makabila na nchi jirani walicheza pamoja siku tatu. Hilo linatuambia kwamba watu wa Kivu hawangoji amani imalizike kuja ndipo waimbe.

Lakini woga wa wazee wetu nao una msingi, na hatuufichi. Konseri nyingi za mjini zinaanza usiku, karibu na pombe na watu wenye silaha, na binti anarudi peke yake katika giza. Tunajua yaliyowapata wengine. Adui yetu si muziki, ni giza na njia. Ndiyo maana, kabla ya kukubali mwaliko, tulipeleka masharti matatu kwa waandaaji. Kwanza, konseri ianze saa tatu asubuhi na imalizike saa kumi. Pili, choo cha wamama kiwe mbali na cha wanaume, na njia yake ionekane. Tatu, wamama wawili wasimame mlangoni pamoja na vijana wa usalama, na mwenye pombe au silaha asiingie. Waandaaji walinung’unika juu ya saa, wakisema watu hawaji asubuhi. Watu walikuja mpaka shitingi ikaondolewa ili wa nje waone.

Hatukurudi Fizi siku ile. Saa kumi gari lingetukutanisha na giza milimani. Tulilala Baraka kwa ndugu, watano huku, sita kule, kila nyumba na jina la kiongozi wake limeandikwa. Usiku ule tulikula bugali na ndagala mbichi wa ziwa, tukaimba tena bila bafle, mpaka mwenye nyumba akatukumbusha kwamba ana kazi asubuhi. Kesho yake tulipanda milima watu 22 na watoto wetu wote, hakuna aliyepungua.

Kwa makundi yanayotaka kufanya safari kama hii, haya ndiyo tunayoweza kuwapa:

Anzeni sanduku miezi mitatu mbele, na msiliguse la likelemba. Mwelezeni mume na mchungaji mapema, kwa saa na mahali, si kwa maneno ya jumla. Wengi wanakataa kwa sababu hawajaelezwa. Ulizeni njia siku ile ile, na mkisikia habari mbaya, bakieni nyumbani. Nyimbo zitakuja tena. Msiwakalishe watoto wachanga mbele ya bafle, masikio yao ni laini. Bebeni maji yaliyochemshwa na sabuni. Andikeni majina wakati wa kwenda, na hesabuni watu wakati wa kurudi.

Na jambo la mwisho. Baraka tulikwenda kama wasikilizaji. Lakini tangu turudi, kila Alhamisi baada ya mkutano tunakaa nusu saa chini ya mwembe na kufundishana nyimbo: za waliobaki, za waliovuka, na za bibi zetu za kutwanga na kubembeleza mtoto, ambazo wasichana wetu hawazijui kabisa. Mama mmoja wa miaka 70 na zaidi ndiye mwalimu. Anajua nyimbo nyingi kuliko mtu yeyote katika kijiji, na hakuna aliyekuwa amemwomba. Katika kundi lenu yuko nani kama yeye? Muulizeni juma hili, angali na pumzi.