Kodachrome na Rangi Zake

Wengi wetu twadhani ya kuwa rangi za picha hukaa ndani ya filamu tangu itokapo kiwandani. Kwa filamu nyingi dhana hiyo si mbali na kweli. Lakini ilikuwako filamu moja ya Marekani, jina lake Kodachrome, ambayo haikuwa na rangi zake ndani hata kidogo. Matabaka yake matatu yalikuwa ya fedha, kama ya picha nyeusi na nyeupe, kila moja likipokea nuru ya namna yake: nyekundu, kijani au buluu. Rangi zenyewe zilitiwa wakati wa kusafisha, tabaka baada ya tabaka, kwa dawa nyingi na joto lililopimwa sawasawa.

Walioibuni walikuwa wapiga muziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky, na kampuni ya Kodak ikaanza kuiuza mwaka 1935. (Hilo latupendeza sisi waalimu, maana twasikia kila siku ya kwamba mtu asiguse kazi isiyo yake.) Kwa kuwa matabaka yalikuwa membamba, picha zilitoka safi, na zile chembe zionekanazo picha ikikuzwa zilikuwa ndogo mno. Wekundu wake ulikuwa mzito. Tena, picha zake zikiwekwa gizani hazikupauka upesi kama nyingine. Ndiyo filamu aliyoitumia Steve McCurry mwaka 1984 kumpiga picha yule msichana wa Afghanistan, mwenye macho ya kijani, katika kambi ya wakimbizi nchini Pakistan.

Walakini kazi ya kuisafisha ilikuwa ngumu. Watu wakageukia filamu nyepesi, kisha kamera zisizotaka filamu kabisa, hata mwaka 2009 Kodak wakaacha kuitengeneza. Duka la mwisho lililoisafisha, katika mji wa Parsons huko Kansas, liliacha kuipokea tarehe 30 Desemba 2010.

Twayaandika haya kwa sababu katika kabati ya shule yetu imo filamu moja ya namna hiyo, aliyoiacha mgeni miaka ya 1970, siku ya kuezeka darasa la kwanza. Haikusafishwa kamwe. Bibi mmoja jirani asema marehemu mumewe yumo, juu ya paa, amevaa shati la samawati alilomshonea yeye. Picha nyingine ya mumewe hana.

Tulimweleza ya kuwa dawa za kutia rangi zile hazipatikani tena. Ng'ambo wapo wawezao kuisafisha, lakini kwa weusi na weupe tu, na shati litatoka la kijivu.

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na uso je?"

Tukamjibu ya kuwa uso huenda ukaonekana.

"Basi ipelekeni, wanangu. Rangi ya shati naijua mwenyewe."

Filamu imekwisha kufungwa kwa karatasi, yangoja mtu wa kwenda posta.