Mashine ya kufulia iliyotaka kumuumbua mke wa mtu Bujora

Jumamosi saa kumi na moja jioni, mwanamke mmoja wa Bujora alikuwa amekaa kwenye sakafu ya stoo yake, gauni limelowa mpaka magotini, anaitazama mashine ya kufulia kama mtu anayemtazama mdeni wake aliyezima simu. Ndani ya ngoma ya mashine kulikuwa na sare za kikundi cha ngoma. Maji yamejaa nusu ya kioo, meusi tii, hayatoki. Mlango umejifunga. Wenye sare wanazitaka Jumatatu, Bulabo ikiwa wiki hiyohiyo.

Kwa wasioijua Bujora: iko Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini ukielekea Musoma. Ndipo lilipo lile Jumba la Makumbusho ya Wasukuma, kazi aliyoianza Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, miaka ya 1950. Kila Juni kwenye sikukuu ya Ekaristi wacheza ngoma wanafurika, Bagika na Bagalu wanatambiana, wa bugobogobo na majembe yao, wengine na nyoka shingoni. Watu wengi, vumbi jingi. Nguo chafu nyingi. Hapo ndipo dada alipoiona fursa.

Tatizo ni hela ilikotoka. Yeye na mumewe walikuwa na akiba ya kiwanja, anaitunza yeye. Akachomoa 400,000, akaenda mjini akanunua mashine ya mtumba, ile ya mlango wa mbele. Nyumbani akasema dada yake wa Dar kamtumia. Mume akashukuru, akampigia shemeji simu bahati nzuri haikupokelewa. Mama mkwe, ambaye anaishi nao, aliitazama mara moja tu akasema, "Mikono imekatika?" Akaendelea kupepeta mchele.

Basi bwana, wiki ya kwanza mashine haijazi. Maji yanaingia kama machozi ya mtoto anayedeka. Inangoja, inangoja, halafu inaandika herufi kwenye kioo na kupiga kelele. (Kila kampuni ina lugha yake hapa. LG huandika IE maji yasipoingia na OE yasipotoka, Samsung 4E au 4C kwa kuingia, 5E au 5C kwa kutoka. Ukizijua hizo, nusu ya mafundi matapeli hawakuwezi.) Yeye hakuzijua. Akaita fundi. Fundi akaja na bisibisi moja, akagonga pembeni, akasikiliza kama daktari, akatoa hukumu: "Dada, bodi imekufa. Laki na themanini." Akachukua 40,000 ya kutangulizia ya kununulia kifaa mjini. Tangu siku hiyo simu yake inaita tu.

Aliyemtoa hapo ni binti wa jirani anayesoma ufundi umeme. Hakugusa bodi kabisa. Alichomoa mashine kwenye umeme, akafunga bomba, akafungua mpira wa maji kule nyuma. Pale mpira unapoingia kwenye mashine kuna kichujio kidogo cha wavu, ukubwa wa kifuniko cha soda. Akakivuta kwa plaizi taratibu. Kilikuwa kimejaa mchanga na ukoka wa kijani wa simtank. Kikasuguliwa kwa mswaki mkuukuu dakika mbili, kikarudishwa. Maji yakaongezeka, lakini bado hayakutosha, na binti akaeleza kwa nini: simtank yao imekaa kwenye kichanja cha mita moja na nusu. Maji yanahitaji kushuka kama mita 10 ili yapate presha ya ba 1, na mashine nyingi zinataka angalau ba 0.3 hadi 0.5. Kwa hiyo hata mashine mpya ya dukani ingelia palepale.

"Kwa sasa mimina ndoo kwenye kidroo cha sabuni," akamwambia. "Ikishajaa itaendelea yenyewe." Na kweli iliendelea. Dada akafua hivyo wiki nzima, ndoo baada ya ndoo, akaweka picha kwenye status, oda zikaanza kuingia. Kikundi cha ngoma kikaleta sare 38, kila moja 1,500. Alipiga hesabu usiku, akatabasamu gizani.

Ijumaa akataka kuwa mjanja zaidi. Maji ya bomba la mtaani huja usiku, yana nguvu, kwa hiyo akaunga mpira wa mashine moja kwa moja kwenye bomba. Halafu ule mpira wa kutolea maji machafu, ambao siku zote aliuning'iniza juu kwenye dirisha, akauona unarusharusha maji ukutani. Akaushusha chini, akaupitisha kwenye tundu la ukuta karibu na sakafu ukamwagie migomba. Safi kabisa, akajiona injinia.

Mashine ikaanza kujaza. Nusu saa, bado inajaza. Saa moja! Maji yanaunguruma kuingia na kioo kinaonyesha nguo zimelowa tu, hakuna maji ya kuonekana. Akazima, akawasha, akabadilisha programu. Kichwani anaisikia sauti ya yule fundi: bodi, bodi, bodi. Saa tano usiku mama mkwe akatoka kwenda chooni, akarudi amesimama mlangoni na kandambili zimejaa tope.

"Wewe mwanangu, unafua au unamwagilia?"

"Nafua mama."

"Mbona migombani kumekuwa ziwa na mashine yako bado inakunywa?"

Bibi huyu hajui lolote kuhusu mashine. Ila marehemu mumewe aliendesha lori, na yeye aliona mara nyingi mafuta yakinyonywa tangini kwa mpira: ukishusha ncha chini kuliko tangi, yanatiririka yenyewe mpaka yaishe. Akaelekeza kidole kwenye tundu la ukuta. Na ndivyo ilivyo. Pampu ya kutolea maji kwenye hizi mashine haina kizibo. Mpira ukilala chini, kila kinachoingia kinatoka hapohapo, mashine itajaza mpaka bili iwe kama ada ya shule. Ncha ya mpira inatakiwa ikae juu, kwa mashine nyingi za mlango wa mbele ni sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, na isisukumwe ndani sana ya bomba la uchafu wala kuzibwa kwa matambara, ibaki inapumua. Wakaurudisha dirishani, wakaufunga na kamba ya katani. Ndani ya dakika kumi ngoma ikaanza kuzunguka. Mama mkwe alisimama akaangalia mzunguko mzima, kisha akaenda kulala bila neno.

Sasa turudi Jumamosi. Mume amerudi kutoka kazini mjini, amemkuta mkewe sakafuni. Mwanaume ni mtu wa vitendo, akavua shati, akachomoa umeme, akaomba beseni pana na matambara. Chini kulia mwa mashine kuna kimlango kidogo ambacho watu wengi hawajawahi kukifungua maisha yao yote. Ndani yake kuna kizibo cha kuzungusha, hicho ndicho kichujio cha pampu. Akakizungusha kidogo kidogo kushoto, maji yakatoka mbio, akafunga, wakamwaga beseni, akafungua tena. Mara tisa! Ukikifungua chote kwa pupa na mashine imejaa, unafua na nyumba. Na kama ulikuwa unafulia maji ya moto, subiri yapoe kwanza, ngozi hairudishwi dukani.

Kichujio kilipotoka kilikuwa na harufu ya samaki wa juzi. Na humo: shanga. Nyeupe, nyekundu, za buluu, mkono mzima wa shanga zilizong'oka kwenye sare za ngoma, zimeshikamana na nyuzi. Pini mbili za nywele. Kifungo. Sarafu ya 200. Shanga moja ilikuwa imekwama kwenye feni ya pampu kabisa. Akaitoa kwa njiti, akaizungusha feni kwa kidole, ikazunguka.

Akiwa bado amepiga magoti pale, akasema jambo la kawaida tu. "Hebu mpigie dada yako atuulizie walikoinunua, pengine waranti haijaisha."

Mwanamke akanyamaza. Mama mkwe alikuwa mlangoni na ndoo ya matambara.

"Dada hakuitoa," akasema hatimaye. "Ni ile hela ya kiwanja. Laki nne."

Hakuna aliyepiga kelele. Mume alifuta mikono yake polepole, kidole kimoja kimoja, jambo ambalo wanawake wengi watakuambia ni baya kuliko kelele. Aliyevunja ukimya ni bibi. "Nguo za watu bado zimo ndani," alisema. "Jumatatu si keshokutwa?"

Wakawasha tena. Safari hii sare zote ziliwekwa kwanza ndani ya foronya zilizofungwa, mifuko ikakaguliwa mmoja mmoja, na zile zenye shanga zilizolegea bibi akazifua kwa mkono uani. Walimaliza saa saba usiku. Mume alikuwa ameshalala, au amejilaza.

Hakumsemesha Jumapili nzima mpaka walipotoka misa. Aliporudi alivaa kaptula akapanda jiwe lile kubwa nyuma ya nyumba, moja ya yale mawe ya Mwanza yanayopigwa picha na kila mgeni, akashusha kamba yenye kokoto ncha moja, akaipima kwa futi. Mita nne na kitu. Jumatano vijana watatu wakasaidia kuipandisha simtank ikiwa tupu, ikakaa juu ya jiwe kwenye jukwaa la zege. Maji ya usiku yanafika, na mashine siku hizi inajaa bila ndoo.

Kikundi kimelipa 57,000. Baada ya sabuni na luku, mwanamke aliandika 45,000 kwenye kauntabuku, ukurasa wa kiwanja, na mume akaweka tiki pembeni kwa kalamu nyekundu. Wanaongea. Si kama zamani, ila wanaongea, na juzi alimletea pakiti ya foronya za mtumba kutoka mjini bila kuombwa. Bibi vitenge vyake bado anafua mwenyewe.

Ile 40,000 ya fundi hajaitaja mpaka leo.